Pikipiki Iliyozimwa Konani

Sokoni Sumbawanga muuza viatu alikuwa amefungulia spika mpaka juu. Luciana, fundi cherehani wa mtaa wa Milanzi, alisimama kando ya magunia ya ulezi na sweta lake la bluu, mikono masikioni, machozi yakimlenga. Kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, akamwinamia muuza viatu, wakanong'onezana. Spika ikapunguzwa.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi, kaka. Kelele zinaniingia mpaka moyoni. Nimezaliwa hivi."

"Mimi Sadoki, wa Mbeya, nafanya kazi halmashauri. Twende tukanywe chai pale kwenye utulivu."

Watu walisema Luciana anadeka. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Jambo dogo kwa wengine, kwake lilikuwa kidonda. Jirani akifiwa, yeye ndiye asiyekula. Alikuwa amejifunza kuishi nalo: sokoni alikwenda mapema, na moyo ukimlemea alikaa nyuma ya nyumba akitazama mahindi mpaka utulie. Sadoki naye akajifunza. Kila jioni alizima pikipiki konani, akaisukuma hadi mlangoni.

"Majirani wanadhani pikipiki yangu mbovu, mpenzi."

"Mbovu ni wewe, unayenipenda mimi."

Walikubaliana siku ya kuvishwa pete iwe na chakula cha kimya, wazazi tu. Lakini Sadoki alitaka kumfurahisha. Kwao sherehe bila shangwe ni kama msiba, basi akakodi matarumbeta bila kumwambia. Yalipolipuka getini, Luciana alitokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye mahindi, asitoke mpaka wageni walipoondoka. Mama yake Sadoki alikaa kando ya kiti kitupu, kitenge alichomletea mkwewe kikiwa mapajani.

"Mwanangu," alisema, "huyu amekukataa mbele za watu."

Jioni simu ililia.

"Mama yangu amelia, Luciana."

"Na mimi nimelia. Mbona huulizi?"

Sadoki akakata. Tangu siku hiyo kila Luciana alipopiga, simu haikupokelewa.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa aliposikia injini ikizimwa konani. Moyo ulimruka kwa furaha. Akavaa sweta la bluu, akafungua mlango. Sadoki alikuwa anaisukuma pikipiki, amekonda.

"Nimehamishiwa Kirando," alisema. "Na mama amenitafutia mchumba. Nimeshakubali."

Luciana alishika mlango.

"Unampenda?"

"Nitajifunza. Nisamehe, Luciana. Nilitaka mji mzima ujue wewe ni wangu, nikasahau wewe ni nani."

"Nimekusamehe. Nilitaka kurudi siku ile, miguu ikakataa. Mwambie mama shikamoo, na anisamehe." Akafuta machozi. "Hata kuja kuniacha, umeisukuma."

"Ningekujaje kwako na kelele?"

Akaigeuza, akaisukuma tena kuelekea konani. Luciana alisubiri asikie ikiwashwa. Hakusikia kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kelele, angalau ajue Sadoki amefika wapi.