Sindano ya Sifongo

— Usinishike! Umenidanganya, Baba Salu!

Mke wangu Ng'washi akaficha mkono chini ya shuka. Saratani ya damu ilikuwa imemkausha, lakini sauti ilikuwa palepale. Nesi Generoza alibaki kasimama na sindano yake.

Kosa langu. Daktari wa Dar alipotupangia dawa ya kuja kuchomwa hapa Bariadi, alinieleza ilivyopatikana: wataalamu walichunguza sifongo, kiumbe wa baharini, wakakuta kemikali, wakaiiga maabara. Sasa ukoo wa Ng'washi kitu cha majini ni mwiko, hata dagaa hawagusi. Nikamwambia ni mizizi ya mti. Siku hiyo nesi kamweleza ukweli, akidhani anampa moyo.

— Mayu, mama yangu, imetengenezwa kiwandani, hamna samaki humu, — nesi alisema.

— Sisemi na wewe, mwanangu. Nasema na huyu mzee wa mizizi.

Nikashuka kwenye kistuli changu, nikapiga magoti. Mimi, mwanaume wa kijiji cha Kasoli, mbele ya wodi nzima!

— Niliogopa utakataa, ufe.

— Ungeniuliza. Miaka ishirini nakupikia, hujaona kama nina akili?

— Nisamehe, mke wangu.

Akaikazia macho sindano. Halafu:

— Hilo lidude lina macho?

— Halina.

— Mkia?

— Hata miguu halina. Limeng'ang'ania jiwe tu. Adui akija haliwezi kukimbia, ndiyo maana lina sumu yake.

— Kumbe kama wewe. Siku ya tisa leo umeng'ang'ania hicho kistuli.

Wodi ikacheka. Akatoa mkono.

— Choma, nesi. Na wewe, apa hutanidanganya tena.

— Naapa.

Akapona, nikadhani. Misimu miwili alivuna pamba huku akiniita mzee wa mizizi mbele ya majirani. Ugonjwa ukarudi, nasi tukarudi wodini.

Wakubwa wa serikali walikuwa wamefungulia soko: soda za nje, mitumba, wanunuzi wa pamba wa kila aina. Dawa ya Ng'washi, iliyokwisha nchini, ndiyo ilisubiri kibali cha kuingizwa. Kibali kililala mezani kwa mtu anayekunywa chai. Sijawasamehe mpaka leo.

— Baba Salu, dawa imefika?

Ulimi ulitaka kusema ipo njiani.

— Haijafika, mke wangu.

Akanishika vidole, akatabasamu.

— Sasa ndiyo nina mume. Sogeza kistuli chako.

Nikasogeza. Sikuondoka hapo mpaka mkono wake ulipoacha kunishika.