Mstari wa Chumvi

Asubuhi ya kwanza ulikuwa unyevu tu. Mstari mwembamba, kimo cha kifundo cha mguu, ulizunguka kuta zote nne za chumba cha kazi cha Silas Hebden, karani wa miswada katika ofisi moja ya serikali jijini London. Ghorofa ya tatu, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Aliugusa, akalamba kidole. Chumvi.

Alipomweleza mkubwa wake, Bwana Crewdson, alijibiwa kwamba wasomi wa Kilatini wana ndimi za ajabu.

Kusoma, Silas alikuwa amesoma. Digrii yake ilimpa miaka minne ya kusugua mabenchi ya watu akingoja kuitwa, mpaka Crewdson alipomfungulia mlango. Na mbwa aliyeokotwa jalalani habweki. Mwaka ule Bunge lilikuwa limechoshwa na meli zilizoshindiliwa shehena zikazama na watu wao. Ikatungwa sheria: kila meli ichorwe mstari ubavuni, maji yasiupite. Rasimu ilisema mkaguzi wa serikali ndiye atakayeamua mstari ukae wapi. Wenye meli wakaja, wakanywa chai na Crewdson, wakaenda zao. Kisha Silas akaambiwa afute mkaguzi, aandike mwenye meli. Alijua maana yake. Ni kumpa fisi ufunguo wa zizi. Akachovya kalamu, akaandika, kwa mwandiko mzuri ajabu.

Siku ya tatu mstari ulifika magotini. Siku ya tano, kiunoni, na chumba kikanuka lami na sufu iliyolowa.

Mama Tregear, mjane wa Cornwall aliyesafisha ofisi zile, alipanda na ndoo yake, akakomea mlangoni.

"Hii si ya kitambaa, bwana karani," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu pwani tunawajua hawa. Wamezama bila kaburi, wanamtafuta mtu."

Silas akajichekesha, akauliza kama kasisi anaweza kuwafukuza.

"Kasisi watamlowesha tu. Wao huondoka pale mwenye kosa anapotamka kosa lake mbele ya mfiwa. Basi."

Akatua ndoo. Akamsimulia kwamba mwanawe, Jory, alipotea na meli ya makaa iitwayo Harriet Moss. Mwenye meli alikuwa ameuchora mstari juu kabisa, karibu na sitaha, na Jory aliandika barua akitania kwamba meli yao imevaa mstari kama utepe wa kofia. Ilikuwa barua ya mwisho.

"Wewe ndiye unayeziandika hizi sheria," alisema. "Nani aliwaachia wachore wanapotaka?"

Nyuma ya karatasi za ukutani kitu kikavuta pumzi, kisha kingine, kisha wengi pamoja, kama watu waliobanwa chini ya sitaha wakigombea hewa ya mwisho, na wino ukapanda wenyewe ndani ya kidau ukamwagika mezani, na mstari ukapanda kifuani huku Silas akiutazama uso wa yule mama, akitazama na mlango wa Crewdson ng'ambo ya ukumbi, akiyakumbuka yale mabenchi, miaka minne, viatu vilivyotoboka, na jibu lilikuwa ulimini kabisa, maneno mawili tu, ni mimi, ni mimi.

"Sijui, mama."

Pumzi zikakatika.

Mama Tregear akaokota ndoo. "Haya, mwanangu. Nilidhani ungejua, maana umesoma."

Alipoondoka, kuta zilikuwa kavu kabisa. Silas akashukuru Mungu, akalegeza kola apumue. Kwenye kioo cha dirisha akauona: mstari mweupe wa chumvi, umezunguka shingo yake. Akausugua kwa leso. Leso ikalowa, mstari ukabaki.

Usiku kucha aibu ilimtafuna. Kulipokucha akamngoja mama ngazini, amwambie yote, liwalo na liwe. Mstari ulikuwa umefika midomoni. Mama akasimama, akamwamkia kwa upole, akangoja.

Silas akafungua kinywa. Yakatoka maji.