Mkate Usio na Chumvi

Kila siku akitoka shule, Pilipili alipitia mlango wa nyuma wa tanuri la mikate la baba yake. Alivua sare, akanawa mikono mpaka viwikoni, akafunga kitambaa kichwani, kisha akaanza kupaka mafuta mabati ya kuokea. Pilipili halikuwa jina lake. Mtaa ulimpa kwa sababu ya ulimi wake.

Alasiri ile baba alikuwa amekwisha kumimina unga kwenye karai kubwa, huku akipiga mluzi. Mluzi huo ulimchoma Pilipili. Mama hajatimiza mwaka kaburini, na baba anapiga mluzi kama bwana harusi!

Mara akaingia mama muuza chai wa pale kona, mkononi ana mkate uliokatwa nusu.

"Hodi, fundi. Nimekuletea mgonjwa," alisema, akauweka mezani. "Tangu juzi mikate yako ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Imeumuka, imeshika rangi, lakini ukitafuna ni kama pamba. Chumvi imesafiri?"

Baba alimega, akatafuna. Mluzi ulikatika.

"Niwie radhi, dada. Wa leo utakuwa mzuri."

"Usipokuwa mzuri, kesho nachukua kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Si ugomvi, fundi. Wateja wangu wana ndimi."

Alipotoka tu, Pilipili alishindwa kujizuia.

"Kama chumvi huikumbuki, baba, mama utamkumbukaje? Kazi yako ni mluzi tu."

Baba alimtazama kidogo. "Paka mafuta, mwanangu," alisema, akarudi kwenye karai. Mluzi ukaanza tena, chini chini.

Pilipili alipaka mafuta huku akimwangalia kwa jicho la pembeni, amkamate akisahau tena. Baba alimimina maji ya hamira. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alirudi nyuma hatua moja, akageuza bega, akaacha nafasi kando ya karai kana kwamba anampisha mtu. Akasubiri. Hakuna aliyekuja. Akainama, akaanza kukanda.

Bati lilimponyoka Pilipili. Alikumbuka. Chumvi ilikuwa kazi ya mama. Baba akishamimina hamira, mama alikuja na kopo lake, akatia chumvi akisema, "Mungu wetu, tia ladha katika kilicho chetu." Baba hakuwahi kutia chumvi maisha yake yote. Baada ya msiba, shangazi ndiye aliyekuwa akiitia, naye alirudi kwake juzi. Baba hakuwa ameisahau chumvi. Alikuwa anamsubiri mwenye nayo.

Kuomba radhi kulikuwa kugumu kwake kuliko adhabu yoyote. Shuleni alikuwa radhi afagie uwanja mzima kuliko kusema "nisamehe".

"Baba," alisema mwishowe, "ulikuwa unampisha mama."

Baba alitazama ile nafasi tupu. Akakaa juu ya gunia la unga.

"Kumbe," alisema. "Miguu yangu inampisha, na mimi sina habari."

"Na mluzi?"

"Mama yako alikuwa akiimba humu. Nikinyamaza, nasikia kwamba haimbi."

Pilipili alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, baba. Nilidhani msiba ni wangu peke yangu."

"Na mimi nilikuficha, nikidhani nakukinga. Hata Mungu nilimficha, kama vile haoni. Ile dua ya mama yako sijaisema tangu azikwe. Nilimnunia Mungu."

"Tuiseme leo?"

"Anza wewe. Mimi itanikwama."

Pilipili alishusha kopo, akachota kiganja kimoja, akatia.

"Ongeza," baba alisema. "Mkono wako bado mdogo."

Akaongeza. "Mungu wetu, tia ladha..." Sauti ilimkatika, baba akaimalizia dua. Kisha wakakanda pamoja, kimya, na kimya kile hakikuwatisha.

Jioni mama muuza chai alimega ukingo wa mkate, akatafuna polepole. "Eeh. Chumvi imerudi safari." Pilipili alicheka, machozi yakamtoka. Yule mama alimshika bega, akaondoka na mikate yake.

Walipokuwa wakifagia, baba alisema, "Mwanangu, mkate usio na chumvi huujui kwa kuutazama. Binadamu naye ni hivyo. Ukimwona anapiga mluzi, usimhukumu. Kaa naye, muulize. Na huzuni yako wewe, usione haya kuishusha mbele ya Mungu na mbele ya wenzako. Aliyebeba mzigo kichwani hautui mpaka ainame."

"Na hamu ya kumwona mama itakwisha?"

"Sijui. Yangu haijakwisha. Lakini leo ninayo, na moyo umetulia."

Pilipili alilifuta kopo la chumvi, akalirudisha mahali pa mama, pale juu kwenye rafu. Ilibidi asimame kwa ncha za vidole.