Mapazia ya Nyumba ya Magurudumu

Soko la vitambaa mwisho wa mwezi si mahali pa mtu mwenye haraka. Watu walikuwa wamebanana mpaka pumzi zinapangiwa zamu, na katikati ya msukumano huo akasimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli la buluu lenye madoa ya grisi. Mkononi alikuwa na kipande cha boksi kilichojaa vipimo.

"Dada, nataka mapazia ya madirisha matano."

"Nyumba iko mtaa gani, nije nipime mwenyewe?" aliuliza fundi wa mapazia bila kuinua macho.

"Inategemea. Leo iko nyuma ya gereji. Kesho sijui."

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Alivaa gauni la manjano, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja. "Kaka, mimi nina kazi. Nyumba gani hiyo isiyojua italala wapi?"

"Nyumba ya magurudumu."

Alicheka mpaka muuza vifungo wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Haikuwa utani. Mwanamume huyo alikuwa fundi wa mitambo ya barafu, anayezunguka kutoka kijiji kimoja cha wavuvi hadi kingine, pikapu kuukuu mbele, karavani nyeupe nyuma. Watu walimwita Barafu, kwa kazi yake na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Fundi wa mapazia alipokwenda kupima madirisha, siku hiyohiyo Barafu alimpachika jina la Sindano. Alidai ni kwa ajili ya kazi. Thubutu! Kila aliyewahi kubishana na dada huyo alijua sababu ya kweli.

Siku hiyo Sindano alimkuta akizunguka karavani, anagusa hiki na kile, anaita kwa sauti: "Taa! Breki! Mnyororo! Mlango!"

"Unaongea na nani wewe?"

"Najikumbusha kabla ya kuondoka. Safari moja nilisahau mlango, nikagawa masufuria yangu barabara nzima."

Kazi ya mapazia ilikuwa ya siku tatu, lakini ilichukua wiki tatu. Kila jioni Barafu alirudi na kipimo alichodai amekikosea. Sindano alijua anadanganywa, na alikuwa akijipaka wanja kabla hajafika. Mapazia yalitoka mazito, ya rangi ya zambarau, ukiyafunga hata jua halichungulii. Miezi minane ikapita, mapenzi yakawa mapenzi.

Ila Shangazi, aliyemlea Sindano, hakumtaka kijana huyo.

"Mwanangu, mwanamume mwenye nyumba isiyo na msingi, mkikosana hana hata haja ya kufungasha. Anawasha gari tu."

Maneno hayo yalimchoma Sindano palepale penye kidonda. Aliwahi kuachwa. Wiki mbili kabla ya harusi, gauni alilolishona kwa mikono yake likiwa limening'inia mlangoni, mchumba wake alisafiri "siku mbili tu", na siku hizo mbili hazijaisha mpaka leo. Tangu hapo aliapa kwamba wa kumwacha mara ya pili hajazaliwa.

Barafu alipomwalika kijijini kwa wavuvi wiki nzima wakapumzike, Shangazi aliridhia kwa sharti moja. "Wewe ulale ndani, umefunga kitasa. Yeye alale nje, chini ya turubai."

"Shangazi, kuna mbu huko!"

"Najua."

Wakaondoka asubuhi, madirisha wazi, wanacheka kama wendawazimu. Mambo yaliharibika walipokaribia kituo cha mafuta, Sindano alipouliza, "Mpenzi, tukioana tutakaa wapi?"

"Si humu humu? Nyumba ina mapazia mazuri kuliko ya waziri."

"Nauliza kweli, Barafu."

"Nami nakujibu kweli, malkia wangu. Leo hapa, kesho kule!"

Akacheka peke yake. Sindano aliliona lile gauni mlangoni kana kwamba ni jana. Gari liliposimama, alishuka akaubamiza mlango. "Naenda kukaa nyuma. Usiniongeleshe, wala usinigongee, mpaka tufike!"

Akaingia kwenye karavani, akafunga kitasa kwa ndani, akatundika simu kwenye chaji, akafunga mapazia yote matano. Akalia kidogo. Kisha haja ikambana, akashuka kwa mlango wa upande wa pili kwenda chooni, mikono mitupu.

Barafu alimaliza kujaza mafuta. Akazunguka. "Taa. Breki. Mnyororo." Akasukuma mlango, umefungwa. Akatazama mapazia, asione kitu. Akainua mkono agonge, akakumbuka alivyoambiwa, akaushusha. Akaondoka polepole, asimsumbue mpenzi wake aliyelala.

Sindano alipotoka chooni alikuta alama ya matairi tu.

Alisimama pale na ndala zake hata machozi yakakataa kutoka. Saa nzima aliitazama barabara. Shangazi alisema, na ya Shangazi yametimia.

Akaja mzee mwenye lori la barafu, anaelekea kijiji kilekile. Sindano akapanda. "Nakwenda kuchukua simu yangu," alimwambia, "na kumpa mtu vidonge vyake."

"Vidonge hivyo binti, ni vya huyo mgonjwa au vyako?"

Sindano akageuza uso dirishani. Walikuwa wamefika nusu ya njia pikapu ikawapita kwa kasi, inarudi ilikotoka, haina karavani.

"Yule si Barafu?" mzee alishangaa. "Mbona anakimbiza gari utadhani amesahau mtoto?"

"Mzee, geuza! Tafadhali geuza!"

"Nigeuze na mzigo unayeyuka? Barafu hii haisubiri mapenzi, binti yangu."

Sindano akabaki ameshika moyo. Ananifuata au ananikimbia?

Kijijini, boti za mashine zilikuwa zimevutwa mchangani, wanawake wameketi kwenye turubai wanatia viraka nyavu. Karavani ilisimama karibu yao, mawe chini ya magurudumu, mlango wazi, mapazia yote yamevutwa ovyo. Simu ilikuwa inalia. Shangazi.

"Uko hai?"

"Niko hai. Shangazi, ulisema kweli. Ameniacha."

"Nyamaza wewe! Kijana amenipigia analia. 'Shangazi, nimempoteza mtoto wako, nimeondoka bila kumgongea.' Nimemtukana mpaka ulimi umechoka, na hajakata simu. Sasa nisikilize. Mwanamume anayetoroka hampigii shangazi wa mtu kujishtaki mwenyewe."

Sindano akaketi kwenye ngazi ya karavani, machozi yaliyogoma kule kituoni yakamwagika. Mama mmoja akamsogezea upande wa wavu uliochanika. Akaushona.

Alasiri pikapu ikarudi. Barafu alishuka mbio, macho mekundu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Uliniambia nisikugongee!"

"Miezi minane hunisikilizi, ukachagua kunisikiliza leo?"

"Sindano, nichome utakavyo, lakini usiniweke tena roho juu namna hii."

"Nilidhani umeondoka," alisema. "Nilidhani nimeachwa tena."

Barafu hakutania. Alipiga magoti mchangani, akamshika mikono. "Nimefikiri njia nzima. Nyumba yenye msingi tutapanga, karibu na cherehani lako. Hii ya magurudumu ni ya kazi. Nikienda, nitarudi. Na siondoki tena mahali bila kusikia sauti yako."

Wanawake wa nyavu waliacha kushona ili wasikie vizuri.

Wiki ile walipumzika kweli. Walikula samaki wabichi wa kuchoma, waliogelea asubuhi, walilala mchana kama watoto. Barafu alitafunwa na mbu chini ya turubai, hakulalamika. Sindano alichukua mkasi, akapunguza pazia la dirisha la mbele shibiri nzima.

"Unaharibu kazi yako mwenyewe!"

"Naisahihisha."

Siku ya kuondoka aliketi ndani akimalizia pindo, akamsikia Barafu anazunguka. "Taa! Breki! Mnyororo! Mlango!" Hatua zikasogea dirishani. Kisha akagonga, mara mbili. "Mke!"

Pini zikamdondoka mdomoni. Akachungulia penye lile pazia fupi. Barafu alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi imewashwa spika, jasho linamtoka.

"Huyo bado hujampata," Sindano akasema.

"Jibu, mwanangu!" sauti ya Shangazi ikapasuka kutoka kwenye simu. "Kijana wa watu ameniomba tangu alfajiri, nami nimekubali!"

Barafu akagonga tena, polepole. "Mke?"

"Yupo," Sindano akajibu. "Haya, washa gari."