Pampu Iliyovuta Pumzi

Kengele ya pampu ya klorini ililia asubuhi, mlio mmoja mrefu usiokatika, na Bi Fundi akaweka chini kikombe chake cha chai kabla hajakimaliza. Mlio mfupi mfupi maana yake pipa la dawa linakauka. Mlio mrefu maana yake dawa haipiti, na hapo mashine yenyewe huzima pampu kubwa ili mji usipelekewe maji yasiyo na dawa. Alikuwa kwenye kituo kile cha maji tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alikuwa na mazoea yake: hutazama kwanza, ndipo hubonyeza kitufe cha kunyamazisha. Mwenzake wa zamu, waliyemwita Kipara ingawa alikuwa na nywele za kutosha kusukwa, siku zote alitanguliza kidole.

Safari hii Bi Fundi alitazama na hakuona kosa. Pipa lilikuwa limejaa. Mrija haukuwa umepinda wala kupasuka. Pampu ndogo ya dawa ilikuwa ikipiga tak, tak, kama kawaida yake. Ila chumba kile, ambacho harufu yake ya dawa humtoa mgeni machozi, leo kilinuka udongo mbichi.

Kipara alisema labda ni kile kisima kipya kilichochimbwa nyuma ya kituo na kuunganishwa jana yake. Wachimbaji walikuwa wamefunga vyombo vyao haraka haraka wakaondoka, mmoja akisema kwamba kule chini wamekuta maji yenye joto kama ya mdomoni. Jana Kipara alikuwa amelisimulia jambo hilo akicheka. Leo hakucheka.

Simu ya Bi Fundi ikaita. Alikuwa binti yake, aliyejifungua majuzi tu mtoto wa kiume baada ya mimba mbili kuharibika. Bomba la nyumbani lilikuwa limekauka, mtoto hajaoga, na yeye mwenyewe ananuka maziwa. Bi Fundi akamwambia avumilie kidogo, maji yatatoka sasa hivi. Alipokuwa akiongea aliuona akilini uso wa yule mjukuu, na akatamani amalize kazi upesi akambebe.

Alidhani ni hewa. Hewa ikiingia kwenye kichwa cha pampu, pampu hupiga bure bila kusukuma chochote, na tiba yake ni kufungua kizibo kidogo cha pembeni hadi hewa iishe. Akavaa glavu, akakifungua. Hewa ikatoka kwa mlio wa chini, naye akangoja iishe kama siku zote, kwa kuwa kichwa cha pampu hakizidi ngumi ya mtu na hewa yake humalizika kabla hujapepesa jicho, lakini hii haikumalizika, iliendelea kutoka, vuguvugu, ikimpuliza shavuni kama mtu aliyeinama karibu anong'one jambo, ikinuka udongo ule ule, na alipotaka kurudisha kizibo ikakoma yenyewe, pakawa kimya kidogo, kisha lile tundu likaanza kuvuta, taratibu, kwa mkoromo, likaishika ncha ya glavu yake na kuiingiza ndani, naye akachomoa mkono akaiacha glavu hapo hapo na kurudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga mlango.

Kipara alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeona?" Bi Fundi aliuliza.

"Nimeona, dada. Usiongee kwa sauti."

Ndipo kengele ikabadilika. Mlio ulikuwa ule ule mrefu, lakini sasa ndani yake alikuwamo mtoto anayelia, na Bi Fundi hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, kilio hakikukoma, akakaa chini sakafuni.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kuamini majini wala waganga. Ila simu za watu wasio na maji zilikuwa zimemchosha, na alipoisikia sauti ile kwa masikio yake mwenyewe hakubisha. Mganga akaletwa kwa mlango wa nyuma. Alisikiliza kengele akiwa amefumba macho, jasho likimtiririka shingoni, kisha akasema jini limejificha ndani ya sauti. Sauti ikikatwa, litakosa makao. Na mwenye kuikata ni yule anayemjua mtoto anayelia.

Bi Fundi alielewa vizuri maana ya kukata waya wa kengele, kwani ndio huo huo unaozima pampu kubwa. Pampu kubwa ingewaka, dawa ipite isipite, na hakuna ambacho kingeizuia tena. Alitaka kuyasema hayo. Lakini kilio kilikuwa kikizidi, na ni bibi gani angevumilia kukisikiliza? Akachukua plaisi.

"Nikikata, tupime maji kabla ya jambo lingine lolote," alimnong'oneza Kipara.

"Tutapima."

Akakata. Kilio kikakoma, taa nyekundu ikazimika, pampu kubwa ikanguruma. Bomba kubwa likatikisika kuanzia upande wa kisima hadi upande wa mji, mara moja tu, kama koo linapomeza tonge. Harufu ya udongo ikatoweka papo hapo. Mkuu wa kituo akashusha pumzi na kumpa mganga mkono, Kipara akaenda kumalizia chai, na kwa furaha ile hakuna aliyekumbuka kupima. Bi Fundi mwenyewe alijikuta ametia chupa ya dawa ya kupimia mfukoni huku akiomba ruhusa aende nyumbani, maana alitaka kumwona mtoto kwa macho yake.

Alimkuta binti yake kitandani, ametulia, mtoto amelala ndani ya taulo, nywele zake mbichi.

"Maji yametoka na joto lake, Mama," alisema. "Hata sikuhitaji kuchemsha."

Bi Fundi aliinama juu ya beseni. Maji hayakunuka dawa hata kidogo. Akachota kwenye glasi, akadondoshea tone la dawa ya kupimia, akaongeza jingine. Maji yenye klorini yangegeuka rangi ya waridi hapo hapo. Haya yalibaki vile vile. Kitu kile hakikuwa ndani ya kengele. Kilikuwa ndani ya maji, kikiizuia dawa isipite kwa sababu dawa ingekiunguza, na kengele ilikuwa ikimlilia yeye, kwa sauti ya huyu huyu mtoto, ili asikifungulie njia.

Mtoto akafumbua macho. Akafungua kinywa, ukatoka mlio mmoja mrefu usiokatika, kisha ukakoma. Kile kifua kidogo kikaanza kutoa pumzi. Ilikuwa vuguvugu, ikinuka udongo mbichi, ikatoka, ikaendelea kutoka, kupita kiasi ambacho kifua kama kile kingeweza kubeba.

"Mama," binti alinong'ona, "mbona haiishi?"

Bi Fundi aliweka kiganja juu ya kile kifua. Alikuwa akingoja kianze kuvuta.