Mtamba Aliyekufa ni wa Limbu

Kila asubuhi Limbu alifungua zizi la Mzee Sayi kabla jua halijachomoza. Aliwaswaga ng'ombe nje ya Nkololo kutafuta majani, na majani yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope.

Hakulipwa mshahara. Walipatana kwa mdomo: kila mwaka apate mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mitamba wake walibaki zizini pamoja na wengine.

"Wataenda wapi?" alisema Mzee Sayi. "Sisi ni ndugu."

Limbu akaamini. Undugu wa zizini huo!

Mwaka wa tatu mtoto wake, Shida, alipata homa kali. Limbu aliomba auze mtamba mmoja, apate nauli ya kumfikisha hospitali Bariadi.

"Subiri mvua, wanenepe kwanza," alisema mzee.

Limbu alisubiri. Shida hakusubiri. Walimzika nyuma ya nyumba.

Mwaka uliofuata ukame ukaingia. Ng'ombe walianza kuanguka. Alipoanguka mmoja, Mzee Sayi alikuja, akautazama mzoga, akatikisa kichwa.

"Huyu alikuwa wako, Limbu. Pole sana."

Akaanguka wa pili. Naye akawa wa Limbu.

"Ukame huu unajua kuchagua," alisema Kija, mkewe, wakila ugali na mlenda. "Unaua wa maskini, wa tajiri unawaruka."

Kija alikuwa na mimba kubwa.

"Kaka yangu Mayunga amepiga simu tena," aliendelea. "Kiwandani kwao Kasoli, wanapochambua pamba, wanataka watu. Wanalipa kila mwezi."

"Nikiondoka, miaka minne yote imekwenda bure."

"Na ukibaki?"

Limbu alinawa mikono, akatoka nje.

Wiki ileile akafa wa tatu. Bi Specioza, ofisa mifugo wa kata, alikuja kuangalia kama ni ugonjwa. Alimkuta Limbu anachuna ngozi.

"Mwangaluka, mayu," Limbu alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wangu."

"Umejuaje ni wako?"

"Mzee kaniambia."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Kabla hajafa, au baada?"

Kisu kikasimama. "Baada," alisema Limbu kwa sauti ndogo.

"Basi hukupewa ng'ombe, baba. Umepewa mzoga."

Limbu alikaa chini, akalia, mtu mzima yule, wala hakuficha uso. "Mwanangu alikufa nikingojea mali hii," alisema.

Bi Specioza alimwacha alie. Kisha akasema, "Kosa hili wanalifanya wengi. Ukilipwa mnyama, lazima ajulikane. Siku ileile atiwe alama mbele ya mashahidi. Bila alama, anayekufa ni wako, anayezaa ni wa mwenye zizi."

"Sasa nifanyeje?"

"Waliokufa ni vigumu kuthibitisha. Anza na aliye hai. Mwite mwenyekiti wa kitongoji. Ikishindikana, nenda kwa mtendaji wa kata, atakuelekeza ofisi ya kazi. Na kama umepata kazi nzuri zaidi, nenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila usitoroke. Aga, mzee apate mchungaji mwingine."

Kesho yake, mbele ya mwenyekiti na majirani, Limbu alisema, "Mzee, mitamba wangu ni wanne. Watatu umesema wamekufa. Nionyeshe wa nne."

Mzee Sayi aliwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja. Alitazama muda mrefu. Hapo majirani wakaelewa kwamba hakuwahi kumtengea Limbu hata mmoja. Mwishowe akanyoosha fimbo kwa aliyekonda kuliko wote. Mwenyekiti akaagiza atiwe alama sikioni palepale.

Mmoja, kwa miaka minne. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mchungaji mwingine alipopatikana, Limbu na Kija walihamia Kasoli pamoja na mtamba wao. Kabla ya kugusa pamba, Limbu aliuliza, "Mshahara ni kiasi gani? Unalipwa lini? Nikiumia itakuwaje?"

Vibarua walicheka. Msimamizi hakucheka. Walifunga mkataba wa maandishi, Mayunga akawa shahidi.

Kazi ilikuwa ngumu, na vumbi la pamba lilimkohoza mpaka alipojifunza kufunga kitambaa puani. Lakini mwezi ulipoisha alilipwa. Baadaye fundi akaanza kumfundisha mashine.

Kija alijifungua mtoto wa kike, Milembe. Siku moja mwili wa mtoto ukawa moto. Kija alimtazama mumewe.

Limbu hakwenda kumwomba mtu. Alichukua pesa yake, akaita bodaboda, wakaenda hospitali. Ilikuwa malaria. Milembe alitibiwa, akapona.

Waliporudi nyumbani, Kija alimlaza mtoto, akakaa pembeni yake.

"Hata Shida angepona," alisema.

"Angepona," alijibu Limbu.