Vichupa Vilivyofika Vitupu

Damu ya yule mzee ilikuwa baridi.

Mtoa damu, mama wa kuwachoma wagonjwa sindano za vipimo, aliizungusha chupa kiganjani, akashangaa. Damu ikitoka mwilini huwa vuguvugu, unaisikia hata juu ya glavu. Hii ilikuwa kama maji ya mtungini, na ilileta harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi.

"Baba, unajisikiaje?"

"Sasa? Mwepesi." Mzee alianza kutokwa na machozi. "Nisamehe, mwanangu." Akaondoka hata pamba hajaishikilia vizuri, wala hakungoja majibu.

Pale hospitali mama huyu walishamzoea kwa jina la Mkono Mwepesi. Hakuwa mtu wa kuchoma mara mbili. Watoto waliolia foleni nzima walinyamaza wakifika kwake, na wauguzi wa wodini walimwita kila mshipa ulipojificha. Kwa hiyo mpimaji wa maabara alipomtokea mlangoni na trei mkononi, alidhani anataniwa.

"Dada, leo umeniletea hewa?"

Vichupa vyote vilikuwa vitupu. Vizibo havijaguswa, majina yamebandikwa, na ndani pakavu kana kwamba halijawahi kuingia tone.

"Nimevijaza mwenyewe. Si uliniona nikivipitisha dirishani?"

"Nilikuona." Mpimaji alipunguza sauti. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sijamtuma mtu."

Wakawaita wagonjwa walewale, wakawatoa upya. Vikafika vitupu tena. Safari hii mtoa damu alisikia jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mwenzake: kila damu ilipopanda chupani, kitu cha moto, chenye chumvi, kilimteremka kooni.

Tangu hapo chakula kikamshinda. Lakini badala ya kukonda, alinawiri.

"Mke wangu, unakula wapi siku hizi?" mumewe alimtania. "Nionyeshe na mimi nikale hukohuko."

Alijifanya anapanga vyombo. Atamwambiaje? Kazini watu waliinuka kwenye kiti chake wakiyumba, midomo imewapauka, na bado wakimshukuru kwamba hawakusikia maumivu. Aliomba ahamishiwe mapokezi. Mkubwa wake alicheka. "Mkono kama huo ukae bure? Acha masihara."

Kisha binti yao akashikwa na homa kali. Baba yake alimleta mgongoni, daktari akaagiza apimwe damu.

"Mtoe wewe," mtoa damu alimwambia mpimaji. "Mimi natoka. Nakwenda mbali kabisa."

Alitoka mbio hadi kwenye ukuta wa nje, juani, akajibana pale macho kayafumba na kiganja kakigandamiza mdomoni, akihesabu pumzi zake, akijiambia kwamba hayumo chumbani, sindano haiko mkononi mwake, ukuta ni mnene na mtoto yuko salama, na katikati ya kujiambia hivyo ule moto ukaanza kumteremka kooni, mtamu kuliko siku zote, asiweze kuutema wala kuacha kuumeza.

Aliporudi, mtoto alikuwa amelala kitandani, mweupe mdomo mzima.

"Mama," alinong'ona, "mbona uliniinamia vile? Ulinikandamiza mkono."

"Sikuwepo, mwanangu."

"Ulikuwepo."

Mama akamgeukia mpimaji. Mpimaji alikuwa anatazama sakafu. "Dada," alisema polepole, "hata mimi nilikuona."

Hapo ndipo alipomweleza mumewe yote. Mume hakubisha. Aliwachukua wote wawili, mama na mtoto, akawapeleka kwa mganga aliyesifika kwa kuumika: humchanja mtu kwa wembe mgongoni, akabandika pembe, akaivuta damu kwa kinywa kupitia tundu dogo nchani.

Mganga alikuwa mtu mnene, mwingi wa maneno. Alipomaliza kusikiliza habari za yule mzee, alipiga ulimi. "Alikuingia kwa damu, atatoka kwa damu. Kaa hapa, mama. Usiogope."

Wembe ukapita. Pembe ikabana. Mganga akavuta, na mwanamke akasikia kitu kikimbanduka kutoka kisogoni hadi kiunoni, kirefu, kizito, kikimtoka kama uzi unaochomolewa kwenye nguo, mpaka akabaki mtupu na mwepesi, akaangua kilio cha furaha. Njaa ilimshika palepale. Njaa ya chakula.

Akageuka amshukuru.

Mganga hakuwa na maneno tena. Bakuli la kutemea lilikuwa miguuni pake, kavu. Mwanamke akaliona koo lake likipanda na kushuka, likameza. Macho yaliyomtazama yalikuwa yametulia, kama ya mtu aliyehamia nyumba yenye nafasi zaidi.

"Waliokaa naye nyumba moja lazima nao watolewe," mganga alisema. "Tuanze na mdogo."

"Hapana! Baba watoto, mchukue mtoto tuondoke! Amehamia kwake, amemmeza, nimemwona!"

"Jini bado limo," mganga alimwambia mume kwa upole. "Linajitetea. Mshike."

Mume akamshika. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili, akilia, akimbembeleza sikioni atulie, kidogo tu yataisha, na kadiri mkewe alivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kumbana, huku mganga akimpandisha mtoto kitini na kumfungua vifungo vya gauni mgongoni, kimoja kimoja, bila haraka.